Nimewaita Zimamoto Moshi kabla moto haujatokea, haya ndo niliyoyaona

Habari zenu wapendwa. Mimi naendesha hosteli ya wasichana hapa Moshi, vyumba 8, wasichana 24, wengi wanasoma Ushirika (Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi) na wachache wako vyuo vya afya. Naona watu wanasifia saluni, wanasifia nyama choma, mimi leo nataka niwasifie Zimamoto wa hapa kwetu maana nimepata huduma yao na watu wengi hawajui hata kama ipo, wanajua tu lile gari jekundu likipita linapiga king'ora. Kumbe unaweza kuwaita nyumba ikiwa nzima kabisa, wanakuja wanakagua, wanakuambia ukweli, wanafundisha watu wako alafu wanakuandikia kila kitu cha kurekebisha. Nawapa nyota 5 kati ya 5. Itakua ndefu mnisamehe, lakini kama una hosteli, mgahawa, gesti au bweni la shule naomba uwe na subira usome yote.

Kwanza niseme kwa nini hili jambo liko moyoni. Mwezi wa sita 1994 nlikua kidato cha pili, ndo bweni la Shauritanga kule Rombo lilipoungua usiku wakafa wasichana wapatao 40. Kwa sisi wa Kilimanjaro ule ulikua msiba wa nyumbani. Nakumbuka mwalimu alitoa redio yake akaiweka dirishani, RTD, redio ya taifa ya wakati ule, sisi tumesimama nje na ndoo za maji mkononi na hakuna anayeongea, kuna wenzetu walikua na ndugu zao kule na walikua hawajui kama wako hai au la. Tulikua tunalala bweni kama lao, vitanda vya juu na chini, madirisha ya nondo, mlango mmoja. Usiku ule hakuna aliyelala.

Sasa miaka 30 imepita mimi ndo mwenye bweni. Na mwaka jana mwezi wa nane, saa 11 alfajiri, nikasikia harufu ya plastiki. Kufika chumba namba 5 nakuta msichana aliweka hita kwenye ndoo achemshe maji ya kuoga, usingizi ukamrudia, maji yakakauka yote, ndoo imeyeyuka imelala sakafuni kama uji na lile koili la hita bado jekundu, limeanguka hatua moja tu kutoka kwenye godoro. Moshi mweusi umejaa darini. Nikachomoa waya, nikakimbia ofisini kuchukua mtungi wa kuzimia moto, mlango umefungwa, narudi kutafuta funguo, nafungua, nabeba mtungi, nabonyeza, hakuna kitu. Haukutoa hata punje ya unga. Tuliokolewa na msichana wa pili aliyemwagia maji pale sakafuni baada ya umeme kuchomolewa, basi. Asubuhi nimekaa jikoni mikono inatetemeka siwezi kushika kikombe. Saa 3 nikapanda bodaboda nikaenda Zimamoto mwenyewe.

Kiukweli nlienda na hofu. Nlikua nafikiri nikisema nina hosteli na haijakaguliwa wataniuliza kwa nini, wataniandikia faini, wataifunga. Hapo mapokezi nikamkuta afande binti, akanipa shikamoo mama, akanipa kiti, nikamwaga yote mpaka habari ya ndoo. Hakunigombeza. Akaniambia mama umefanya vizuri kuja kwa miguu yako, wengi tunakutana nao nyumba ikiwa imeshaungua. Nikaandika barua ya kuomba ukaguzi palepale, akauliza jengo lina ukubwa gani na linatumikaje kwa sababu ada ya ukaguzi inaenda na hivyo vitu, nikapewa kontrol namba (namba ya malipo ya serikali) nikalipa kwa simu nikiwa nimekaa. Hakuna hela iliyopita mkononi mwa mtu. Hili naliandika wazi maana ndo swali la kwanza watu wananiuliza.

Kwa wasiojua, zamani hawa zimamoto wa mijini walikua chini ya halmashauri, ila kuna sheria ya mwaka 2007 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ikawaweka wote kuwa jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na sheria hiyohiyo inawapa mamlaka ya kuingia kwenye majengo na kukagua kinga ya moto. Kwaiyo afande akija kwako hajaja kukuonea, ndo kazi yake kama ilivyo kazi yake kushika ule mpira wa maji.

Baada ya siku 3 wakaja wawili, sajenti mmoja mtu mzima na koplo binti. Nlitegemea watatembea robo saa waandike waondoke. Walikaa kuanzia saa 4 mpaka saa 8 mchana.

Wakaanza na umeme. Sajenti akafungua kile kiboksi cha braki, akakaa kimya kidogo, akauliza mama hii braki ya soketi kaweka nani. Nikamwambia fundi mmoja, kwa sababu zamani ilikua inakatika kila asubuhi wasichana wakiwasha hita, fundi akaja akaweka nyingine haikukatika tena na mimi nikamshukuru. Afande akanisogeza karibu akanionesha namba zilizoandikwa pale. Iliyokuwepo mwanzo ilikua ya ampia 20, fundi kaweka ya 40, na waya ulioko ukutani ni uleule wa unene wa milimita 2.5 za mraba. Akasema mama ile braki ilikua inakatika kwa sababu inakulinda, sasa hivi waya utaungua ndani ya ukuta na braki haitajua. Akapiga hesabu kwenye simu mbele yangu: hita moja ya wati 1500 kwa umeme wetu wa volti 230 inavuta ampia 6 na nusu, hita 5 zikiwashwa pamoja asubuhi ni zaidi ya ampia 32 zinapita kwenye waya ambao haukuwekwa kwa mzigo huo. Alafu akanipeleka chumba namba 3, akaniambia weka mgongo wa mkono karibu na hiyo soketi usiiguse. Ilikua ya vuguvugu. Hakuna kitu kimechomekwa zaidi ya ekstensheni moja, ila kwenye hiyo ekstensheni kuna pasi, kuna chaja 4 na kuna ekstensheni nyingine imeunganishwa inaenda chini ya zulia mpaka kitanda cha dirishani. Pembeni ya soketi plastiki imeanza kuwa ya kahawia. Nimepita kwenye kile chumba kila wiki kwa miaka 9, nafagia, nakagua mashuka, sijawahi kuliona lile doa la kahawia.

Lakini kilichonikaa mpaka leo ni mlango.

Akaniuliza mama usiku mnafungaje. Nikamweleza vizuri tu, saa 4 usiku korido inafungwa grili kwa kufuli, funguo anakaa nayo mlinzi getini, madirisha yote yana nondo, kwa mambo ya usalama wazazi wananiamini. Akaitikia kwa kichwa alafu akasema tujaribu sasa hivi. Walikuwepo wasichana 6 siku hiyo. Akawaambia waingie chumba namba 8 kile cha mwisho kabisa, wavute mapazia, wajifunge kanga machoni kwa sababu kwenye moshi hutaona kitu, akafunga grili kwa kufuli kama usiku, akasema nikipiga filimbi moto umetokea, tokeni nje. Akawasha saa ya kwenye simu.

Filimbi ikalia. Mwanzo walikua wanacheka, wanagongana, mmoja akapotea akaingia bafuni. Wakafika kwenye grili wakaanza kuita mlinzi. Mlinzi wetu ni mzee mwaminifu sana lakini geti liko mbele na korido iko nyuma, alikua amekaa na redio yake, aliposikia akaja anakimbia na lile tita la funguo, ziko 11 zinafanana zote. Akajaribu ya kwanza, ya pili, ya tatu, mikono inatetemeka, funguo zikaanguka chini. Wasichana kicheko kikaisha. Walikua wamesimama nyuma ya zile nondo wamezishika kwa mikono wanamwangalia, hakuna anayesema kitu, na mimi nimesimama upande wa pili naangalia nyuso za watoto wa watu. Kufuli likafunguka. Afande hakusema neno, akanigeuzia tu simu nione. Dakika 4 na sekunde 20, na hiyo ni mchana, hakuna moshi, wote wako macho.

Baadae ndo akanieleza taratibu kwamba godoro la sponji likishika moto chumba chote kinaweza kuwaka ndani ya dakika 3 mpaka 5, na moshi wake ni sumu, unamfikia mtu kabla ya moto, aliyelala mara nyingi haamki. Nlienda jikoni nikajifanya naangalia chai. Nlikua nalia. Nlikua nimejenga bweni lilelile tulilokua tunaliogopa 1994, kwa mikono yangu, na nlikua naliita usalama.

Nlibishana naye lakini, sitaki kuficha. Nikamwambia afande mtaa huu una vibaka, nikitoa nondo wataingia. Akasikiliza mpaka nikamaliza. Akasema mama mwizi namjua na mimi naishi uswahilini, lakini mwizi anachukua simu. Alafu akaeleza cha kufanya, hakuniacha hewani. Nondo zinabaki ila dirisha moja la kila chumba linawekwa bawaba grili ifunguke kwa nje kama mlango, inafungwa kwa komeo la ndani lisilotaka funguo, na pembeni ya komeo inachomelewa sahani ya chuma ili mkono wa mtu aliye nje usilifikie. Grili ya korido hivyohivyo, komeo la ndani, kufuli la usiku marufuku. Na kule mwisho wa korido kulikua na stoo yenye mlango wa nje nlioufungia masanduku na vitanda vibovu miaka yote, akasema huu hapa ni mlango wako wa dharura, Mungu alishakupa, toa masanduku.

Mitungi ya kuzimia moto nlikua nayo 3. Nlinunua kwenye duka moja mjini ambalo silitaji. Koplo binti akaiangalia mmoja mmoja. Wa kwanza mshale wa presha uko kwenye nyekundu, yani hauna nguvu kabisa, ndo ule ulionigomea. Wa pili mshale uko kijani lakini akaugeuza kichwa chini miguu juu akaweka sikio, akanipa na mimi nisikilize, unga haushuki, umeganda chini kama saruji. Wa tatu ni wa saizi ya kwenye gari, muuzaji aliniambia unatosha korido nzima. Na yote nlikua nimeifungia ofisini isiibiwe. Koplo akasema mama mtungi uliofungiwa ni sawa na mtungi usiokuwepo, ning'iniza karibu na mlango wa kutokea, urefu ambao msichana mfupi anaufikia, kila Jumatatu angalia mshale na pini, kila mwezi ugeuze unga ulegee, na kila mwaka ufanyiwe sevisi na kibandiko cha tarehe kiwepo. Kwenye kiboksi cha umeme akataka wa gesi ya kaboni dayoksaidi (CO2), kwingine wa unga. Nikamuuliza ninunue wapi, akasema popote utakapopenda ila uje nao tuuangalie kabla hujalipa. Hawakuniuzia kitu chochote, wala hawakunielekeza kwa ndugu wa mtu.

Mafunzo yalifanyika Jumamosi yake, nliomba Jumamosi kwa sababu katikati ya wiki nusu wako darasani na wakakubali bila shida. Uwanjani pale nyuma wakaweka jiko, sufuria kuukuu na mafuta ya kula, wakayaacha yachemke mpaka yakashika moto yenyewe. Mama mpishi wetu anapika miaka 20, akaulizwa mafuta yakiwaka unafanyaje, akasema namwagia maji. Sajenti akaturudisha wote nyuma mpaka ukutani, akafunga kikombe kwenye ufito mrefu, akajaza maji kidogo tu, akasogeza ule ufito akamimina. Jamani. Moto uliruka ukapita urefu wa bati la jikoni, tulihisi joto usoni tukiwa mbali vile. Akaeleza kwamba maji ni mazito yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke ghafla na mvuke unachukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya yale maji, ndo maana unarusha mafuta yanayowaka hewani. Alafu akawasha tena, safari hii akampa mama mpishi mfuniko, akamwambia usiurushe, uteleze kutoka upande wako kwenda mbele kama unafunika mtoto shuka, zima jiko, usifunue mpaka ipoe. Moto ukazimika bila kelele. Mama mpishi akaomba arudie mara ya pili, na ya tatu. Kuanzia siku ile mfuniko unakaa mkono wa kulia wa jiko, hauhami.

Kwenye gesi nlijifunza nlichokua nakijua nusu. Hii gesi yetu ya mitungi ni nzito kuliko hewa, haipandi juu, inatambaa chini sakafuni inajaa kwenye kona kama maji, kwaiyo ukisikia harufu usiwashe taa na kama imewaka usiizime, ile cheche ya swichi inatosha. Unafunga kwenye mtungi, unafungua milango, unatoka. Kuangalia kama mpira unavuja ni povu la sabuni, sio kiberiti, na najua kuna watu hapa Moshi wanaangalia kwa kiberiti mpaka leo, nawaomba sana muache. Tulipaka povu kwenye mpira wa jiko letu, pale kwenye reguleta vikaota vipovu vidogovidogo vinakua vinapasuka. Ulikua unavuja sijui tangu lini. Sa hivi mtungi uko nje kwenye kibanda chake chenye wavu na mpira ni mpya.

Kila msichana alishika mtungi akazima moto kwa mkono wake. Vuta pini, lenga chini kwenye shina la moto sio kwenye ndimi, bana, pepeza kushoto kulia, na mlango uwe mgongoni kwako siku zote ukishindwa ukimbie. Wakaambiwa mtungi wa kilo 6 hautoi unga hata nusu dakika, kwaiyo moto ukishakuzidi kimo usijaribu kuwa shujaa, funga mlango uondoke. Kwenye moshi unatambaa chini maana hewa nzuri iko chini. Nguo ikishika moto usikimbie, jitupe chini ubingirike. Kuna msichana mmoja mkimya sana hata salamu anaitikia kwa kichwa, yeye ndo alizima haraka kuliko wote, wenzake wakampigia makofi mpaka akaficha uso.

Kitu kingine ambacho nisingekifikiria mimi ni njia. Sajenti alitoka na tepu mpaka barabarani akapima geti langu, likapatikana mita 2.6. Akasema gari letu lina upana wa karibu mita 2 na nusu, litaingia kama hakuna kitu pembeni, lakini pembeni kulikua na lundo la tofali zangu na mbele kidogo kuna banda la jirani limetokeza njiani. Tofali nimetoa siku ileile. Jirani tumeongea kwa amani, kasogeza. Na hapa nawaambia wote, haya magari tunayopaki kwenye vichochoro usiku, na hizi haidranti (mabomba ya maji ya zimamoto) za pembeni mwa barabara tunazozifunika kwa kifusi na meza za biashara, siku gari la zimamoto likikosa njia au likikosa maji tusiwarushie mawe wale vijana.

Namba ni 114, wasichana wote wanayo kwenye simu. Walifundishwa mpaka namna ya kuongea: taja eneo kwanza kabla hujaanza kulia, taja kitu kikubwa kinachojulikana, msikiti, kanisa, shule, sio duka la mangi maana mangi wako kila kona, sema kinachoungua ni nini na kama kuna watu ndani, usikate mpaka uambiwe, alafu mtu mmoja akasimame barabara kubwa awapokee. Tulifanya mazoezi, mmoja anapiga mwingine anajifanya afande. Wa kwanza alisema njooni haraka tunaungua akakata. Hakusema wapi.

Waliuliza pia takataka nachomea wapi. Nlikua nachomea nyuma ya jiko karibu na migomba, na migomba yenyewe imejaa majani makavu. Akaninyooshea kidole mlimani tu. Mwezi wa kumi 2020 Mlima Kilimanjaro ulipowaka tuliuona sote kutoka hapa mjini usiku, mstari mwekundu kule juu, siku zinapita hauzimiki, na watu wanapanda kuuzima kwa matawi na majembe. Cheche ikipata upepo wa kiangazi haiulizi ni ya msitu au ya jalala. Sa hivi nakusanya kwenye mifuko gari la taka linachukua.

Gharama, maana najua mtauliza. Ukiacha ada ya ukaguzi, marekebisho nimetengeneza mwenyewe na mafundi wangu, Zimamoto wanakagua na kufundisha, hawaji kuchomelea. Grili 8 kwa elfu 40 kila moja ni 320,000. Umeme, kutenganisha laini za soketi na kurudisha braki sahihi, 610,000, fundi mwingine mwenye leseni safari hii. Mlango wa stoo na ule wa korido 280,000. Mitungi 210,000. Jumla 1,420,000. Ni hela nlizokua nimeweka za kupaka rangi na kubadilisha bati la mbele, kwaiyo hosteli yangu sa hivi ukiipita barabarani haipendezi, rangi imebabuka, na mwezi uliopita mzazi mmoja alimtoa binti yake akampeleka kwenye hosteli nyingine yenye tailizi na geti la umeme. Nlienda kuiona hiyo hosteli kwa macho yangu. Ni nzuri. Madirisha yote ya nondo zilizochomelewa kwenye ukuta, korido moja, kufuli nje. Nlimpigia yule mzazi nikamweleza, sikumwomba amrudishe, nlimwomba amwambie mwenye hosteli aende Zimamoto. Sijui kama alimwambia.

Wenzangu wenye hosteli naongea nanyi kwa upendo kabisa. Najua tunawakwepa hawa maafande, tunasikia wanakagua mtaa fulani tunafunga geti tunasema mwenyewe amesafiri. Mwezi wa tisa 2020 kule Kyerwa, Kagera, moto uliwaka usiku wakafa wanafunzi 10 bwenini, wadogo kabisa, wa shule ya msingi. Kuanzia Shauritanga mpaka Kyerwa ni miaka 26 na bado ni bweni, bado ni usiku. Hita nimezipiga marufuku vyumbani, nimeweka jiko moja la maji moto nje, wanapanga foleni asubuhi na wananung'unika, na mimi nawaambia nung'unikeni.

Walirudi mara ya pili baada ya wiki 6 kuangalia kama nimerekebisha, hiyo nayo imenifurahisha maana wangeweza kuandika ripoti wakasahau. Wakapita na ile karatasi yao kipengele kwa kipengele, wakaweka mgongo wa mkono kwenye ile soketi ya chumba namba 3, ikawa ya baridi. Vidude vya kung'amua moshi nimeshaweka korido na jikoni, vyumbani bado, wamenipa muda. Sajenti akasema sasa mama zoezi la mwisho lifanye mwenyewe, usiku, usiwaambie.

Nimelifanya Jumatano iliyopita saa 8 usiku. Nilizima taa zote kwenye meni swichi, nikapiga ile kengele ya shule nliyonunua Mbuyuni, nikasimama chini ya mwembe ambapo ndo sehemu yetu ya kukusanyika, na saa mkononi. Wa kwanza ametokea mlango wa stoo sekunde ya 25, kajifunga kanga mdomoni anatambaa. Wa chumba namba 5 wamepita dirishani, nilisikia komeo likilia kaa. Mlinzi alishafungua geti anamulika tochi barabarani kama alivyofundishwa. Dakika 1 na sekunde 50. Nikatoa daftari nikaita majina moja moja, wengine wanatetemeka kwa baridi, mmoja kavaa kiatu kimoja, wakaitika wote 24.